Safari ya Motokari: Toka Milima ya Chai mpaka Parki ya Virunga

Nchi ya Masisi iko juu. Vilima vyake vingi vinapita meta 2,000 juu ya bahari. Asubuhi ukungu hulala mabondeni, mvua hunyesha miezi mingi ya mwaka, na udongo una rutuba. Ndiyo sababu chai hustawi huku, na ng'ombe hupata majani mabichi, na fromaji ya Masisi inajulikana sana katika soko la Goma.

Lakini mtu akishuka toka vilima hivi kwa motokari, anaweza kufika katika nchi nyingine kabisa. Huko hakuna ukungu wala baridi. Kuna uwanda mpana wa majani makavu, jua kali, tembo, mbogo, swala, simba na viboko. Hiyo ni Parki ya Virunga.

Katika somo hili tutaifuata njia hiyo, mwendo wa kilometa zipatazo 210. Tutajifunza mambo mawili: kwanza, jinsi msafiri mwenye akili anavyosafiri kwa motokari, pili, kwa nini milima ya chai na uwanda wa wanyama ni kama vyumba viwili vya nyumba moja.

1. Kabla ya kuondoka

Safari njema huanza jioni, siku moja kabla ya safari. Shofere mwema haiwashi motokari yake kabla ya kuitazama. Anatazama maji ya moteri, kwa sababu moteri isiyo na maji hupata moto mno na kuharibika. Anatazama mafuta ya moteri. Anajaza esanse, au mazuti kama motokari yake inatumia mazuti. Anatia upepo katika mipira ya magurudumu, na anachukua mpira mmoja wa akiba.

Tena anachukua jembe, koleo na kamba nene. Kwa nini jembe? Je, anakwenda shambani? Hapana. Barabara ya Masisi ni ya udongo. Mvua ikinyesha, udongo huo unakuwa utelezi kama sabuni. Magurudumu yanazunguka, lakini motokari haiendi mbele. Hapo shofere hushuka, huchimba mbele ya magurudumu, hutia mawe na matawi, na wasafiri wote husukuma. Asiye na jembe hungojea wenye jembe.

Jambo jingine ni mzigo. Motokari ndogo imetengenezwa kwa watu watano. Anayepakia watu tisa na magunia juu yao anaongeza uzito, na motokari nzito haisimami upesi. Watu wengi wamekufa njiani kwa sababu ya kosa hilo moja.

2. Milima ya chai

Tazameni mashamba ya chai yalivyo. Kutoka mbali yanafanana na blanketi la kijani lililotandikwa juu ya kilima. Lakini mchai kwa asili si mmea mdogo. Ukiachwa, unakuwa mti mrefu. Wakulima huukata mara kwa mara ubaki mpaka kiunoni mwa mtu, ili utoe machipukizi mengi na mikono iyafikie. Wachumaji huchuma majani mawili na chipukizi moja, kisha hutupa kikapuni mgongoni.

Katika kiwanda majani hukaushwa kidogo yalegee. Halafu husokotwa, huachwa yageuke rangi, na mwisho hukaushwa kwa hewa ya moto. Hewa hiyo hupata moto kwa kuni nyingi. Kwa hiyo kiwanda cha chai chenye akili hupanda miti yake chenyewe, hasa mikaratusi. Asiyepanda atakata miti ya mwitu. Na mwitu ukiisha, mvua itauchukua udongo wa kilima, nayo chai itakufa. Shikeni neno hili la kuni, maana tutalikuta tena njiani.

3. Kushuka mpaka Sake

Toka Masisi barabara inapita Lushebere, Katale, Bihambwe, Matanda na Mushaki. Kisha inateremka mpaka Sake, kwenye pembe ya Ziwa Kivu. Uso wa ziwa hilo uko meta 1,460 juu ya bahari.

Kuteremka kuna hatari kuliko kupanda. Shofere mjinga hukanyaga breki toka juu mpaka chini. Breki hufanya kazi kwa kusuguana, na vitu vinavyosuguana hupata moto. Sugueni viganja vyenu kwa nguvu, mtaona. Breki ikipata moto mno haishiki tena, na motokari inakimbia kama jiwe lililosukumwa. Shofere mwenye akili hutia gia ndogo tangu juu ya kilima. Hapo moteri yenyewe inaizuia motokari, na breki inabaki na nguvu kwa wakati wa haja.

Tena njiani kuna wengine. Kuna watoto wanaokwenda masomoni, akina mama wenye mizigo mgongoni, na vijana wenye chukudu, lile gari la mbao la magurudumu mawili linalobeba magunia ya viazi na makala. Chukudu iliyojaa ikiteremka haisimami kwa urahisi. Basi, mwenye motokari ampishe mwenye chukudu. Mwenda pole hajikwai.

4. Mawe meusi na mazuku

Kati ya Sake na Goma udongo mwekundu unakwisha. Pande zote ni mawe meusi, makali, yenye matundu. Hayo ni mawe yaliyoyeyuka ndani ya nchi, yakatoka kama uji wa moto, yakapoa. Karibu na Sake mawe mengi yalitoka katika volkano ya Nyamulagira, iliyomwaga moto wake mpaka ziwani kati ya mwaka 1938 na 1940. Upande wa Goma ni volkano ya Nyiragongo, yenye kimo cha meta 3,470. Hiyo ilipasuka tarehe 10 Januari 1977, tena tarehe 17 Januari 2002, moto wake ukapita katikati ya mji wa Goma mpaka ziwani. Tarehe 22 Mei 2021 ilipasuka tena, na mawe ya moto yakaikata barabara ya Rutshuru.

Hapa msafiri ajue hatari moja isiyoonekana. Katika mashimo na mabonde madogo ya mawe hayo hutoka hewa mbaya toka chini ya nchi. Wenyeji wanaiita mazuku, na leo hata wataalamu wa nchi za mbali wanatumia neno hili letu. Hewa hiyo ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo inalala chini shimoni kama maji katika bakuli. Haina rangi. Mbuzi akishuka humo anaanguka. Mtoto anayemfuata anaanguka pia, kwa sababu hana hewa ya kuvuta. Saa za hatari zaidi ni usiku na alfajiri, wakati hakuna upepo wa kuitawanya.

Basi, motokari ikisimama njiani upande wa Sake au Goma, msishuke kwenye mashimo, hata kwa haja ndogo. Mkiona ndege au wanyama waliokufa ndani ya shimo, ondokeni. Na mwenzenu akianguka humo, msimrukie. Iteni watu wazima wenye kamba.

5. Mgongo wa maji

Toka Goma barabara inageuka kaskazini. Inapita Kibati na Kibumba, kati ya Nyiragongo upande wa kushoto na milima ya Karisimbi na Mikeno upande wa kulia. Inapanda polepole, kisha inaanza kushuka. Wasafiri wengi hawaoni kitu hapo. Lakini hapo ni mahali pa ajabu, kwa maana ndipo maji ya Afrika yanapoachana.

Fikirini matone matatu ya mvua. Tone la kwanza linaanguka Masisi, upande wa magharibi. Linaingia mto Lowa, linapita Walikale, linafika Lualaba, na mwisho linaingia bahari ya Atlantiki pamoja na mto Kongo. Tone la pili linaanguka karibu na Goma. Linaingia Ziwa Kivu, linatoka kwa mto Ruzizi, linafika Ziwa Tanganyika. Nalo pia njia yake ni ya mto Kongo. Tone la tatu linaanguka mbele kidogo, upande wa Rutshuru. Hilo linakwenda Ziwa Edward, kisha mto Semliki, kisha Ziwa Albert, kisha mto Nili, mpaka Misri na bahari ya Mediterania!

Zamani sana haikuwa hivi. Maji ya upande wa Kivu yalikwenda kaskazini. Volkano za Virunga zilipoinuka, zilifunga bonde kama mtu anayejenga ukuta mtoni. Maji yakajaa, yakatafuta mlango mwingine upande wa kusini. Hivyo ndivyo Ziwa Kivu lilivyopata umbo lake la leo.

6. Walinzi wa Rumangabo

Kati ya Goma na Rutshuru tunapita Rumangabo, mahali palipojengwa makao makuu ya parki. Parki hii ilianzishwa tarehe 21 Aprili 1925, wakati wa Wabelgiji, ikaitwa Parki Albert kwa jina la mfalme wao. Carl Akeley, mtaalamu Mmarekani, ndiye aliyemsihi mfalme awalinde gorila wa milima ile. Yeye mwenyewe alikufa mlimani mwaka 1926, akazikwa huko huko. Mwaka 1969 jina likageuzwa, ikawa Parki ya Virunga. Mwaka 1979 shirika la UNESCO liliiandika katika orodha ya urithi wa dunia. Eneo lake ni kilometa za mraba zipatazo 7,800, toka volkano zetu mpaka theluji ya Ruwenzori. Mwaka 2025 ilitimiza miaka 100.

Walinzi wa parki ni wana wa nchi hii. Zaidi ya 200 wameuawa kazini. Tarehe 24 Aprili 2020, karibu na Rumangabo, watu wenye silaha waliwaua walinzi 12, shofere mmoja na raia 4. Parki ilieleza kwamba walinzi wale hawakuwa wamelengwa wao. Walikuwa wamekwenda kusaidia motokari ya raia iliyoshambuliwa njiani. Walikufa kwa ajili ya wasafiri. Tuwaombee, na tusiwasahau watoto wao.

7. Motokari kati ya wanyama

Baada ya Rutshuru na Kiwanja, barabara inaingia parki upande wa Mabenga, na mbele yake ni Rwindi. Tumeteremka mpaka kama meta 1,000 juu ya bahari. Kila meta 1,000 mtu anazoshuka, joto huongezeka kama digrii sita. Ndiyo sababu koti la asubuhi limekwisha kuvuliwa! Tena milima inayozunguka bonde huzuia mvua nyingi, kwa hiyo hapa msitu ni haba na majani ni mengi. Chai haiwezi kuota hapa. Lakini swala na mbogo hupata chakula.

Zamani, hasa kabla ya vita vya miaka ya 1990, wageni walikuja Rwindi kwa motokari zao na kulala katika hoteli iliyokuwa pale. Sheria walizofundishwa ni zile zile za mbuga zote za Afrika:

Kwanza, nenda polepole. Swala huvuka barabara bila kutazama, na nyuma ya mmoja wako wengine.

Pili, usipige honi, usipige kelele, usimtupie mnyama chakula wala jiwe.

Tatu, usishuke. Mnyama aliyezoea motokari anaiona kama kitu kimoja kikubwa, kisicho na meno wala mkuki. Lakini mtu akitoka mlangoni, mnyama anamtambua mara moja, naye atakimbia au atashambulia.

Nne, usisimame kati ya mama na mtoto wake, wala kati ya kiboko na maji. Kiboko akiona njia ya maji imefungwa anakuwa mkali kuliko simba.

Tano, usitupe takataka. Na moto wa sigara unaweza kuteketeza uwanda mzima wakati wa kiangazi.

Anayekwenda kwa gorila huko mlimani ana sheria nyingine tena: huvaa kitambaa kinywani na puani, hukaa mbali kidogo, na mwenye mafua hapandi. Gorila hushikwa na magonjwa yetu, nao hawana daktari wa kutosha.

8. Kiboko na sahani ya samaki

Labda mmoja wenu atauliza: "Kiboko ananifaa nini mimi, mtoto wa Masisi?" Swali zuri. Sikilizeni.

Usiku kiboko hutoka majini, hula majani mengi sana uwandani. Mchana hurudi majini na kuacha mavi yake humo. Mavi hayo ni mbolea. Yanaotesha vimea vidogo vya majini, na tilapia hula vimea hivyo. Wavuvi wa Vitshumbi, Nyakakoma na Kyavinyonge huwavua samaki wa Ziwa Edward, nao huuzwa mpaka mbali. Kwa hiyo kiboko ni kama mkulima anayetia samadi katika shamba la maji.

Katika miaka ya 1970 viboko wa Virunga walikuwa zaidi ya 25,000. Wakati wa vita watu wenye bunduki waliwaua kwa ajili ya nyama na meno. Hesabu ya mwaka 2005 ilipata chini ya 1,000. Samaki nao wakapungua. Viboko walikuwa wachache, na wavuvi wengine walitumia nyavu za matundu madogo zinazochukua hata watoto wa samaki. Baadaye viboko wakaanza kuongezeka kidogo kidogo. Mwezi wa nne wa mwaka 2025, viboko wapatao 50 walikufa kwa kimeta. Wafugaji wanaujua ugonjwa huo: unawaua ng'ombe, na unaweza kumwua mtu. Kwa hiyo msile kamwe nyama ya mnyama mliyemkuta amekufa, wa mwitu au wa zizini.

9. Parki ni ya nani?

Tuseme kweli. Wakoloni walipoweka mipaka ya parki, wenyeji wengi walihamishwa katika ardhi ya babu zao. Uchungu huo haujakwisha. Leo pia, mwenye njaa anayekaa karibu na mpaka anatazama ardhi nzuri isiyolimwa, na tembo wakitoka usiku kula mahindi yake, anauliza: "Je, mnyama ana thamani kuliko mtoto wangu?" Mtu huyo hastahili matusi. Anastahili jibu.

Jibu moja ni hili: faida ya parki iwafikie majirani zake. Mto Rutshuru ulitengenezewa mtambo wa umeme pale Matebe, uliofunguliwa mwaka 2015. Kwa umeme mtu anaweza kusaga unga na kupika bila makala. Hapa tunalikuta tena lile neno la kuni. Makala mengi yaliyopikiwa Goma yalitoka katika miti ya parki. Mama anayenunua makala hana kosa. Watoto wake lazima wale. Lakini kama vilima vya Masisi vingepandwa miti ya kutosha kwa makala, mwitu wa volkano ungepumzika. Mti unaopandwa Masisi unamlinda gorila wa Mikeno asiyeuona. Ndiyo maana tulisema ni nyumba moja.

Katekisimu inatufundisha kwamba vitu vyote ni mali ya Mungu, na sisi ni watunzaji tu. Mtunzaji mwema anamtazama mnyama, na anamtazama jirani yake pia.

10. Barabara na amani

Barabara hii imefungwa na vita mara nyingi. Mwaka 2022 mapigano yalifika Rutshuru. Baadaye yalifika Masisi na Sake, na mwezi wa kwanza wa mwaka 2025 yalifika Goma. Watu wengi waliipita njia hii kwa miguu, na godoro kichwani na mtoto mgongoni, si kwa matembezi bali kwa kuokoa maisha. Kwa hiyo mtu asiende kuwatazama wanyama kabla ya kuwauliza wenye habari za kweli kama njia ni salama.

Lakini kujifunza njia si kazi bure. Barabara isiyotumika huota majani; nchi isiyojulikana na watoto wake hupotea vivyo hivyo. Ninyi mtakuwa mashofere, wakulima wa chai, wavuvi, wauguzi na walinzi wa parki. Siku njia itakapofunguliwa, mtie gia ndogo katika mteremko, mpishe chukudu, msishuke katika mashimo ya mazuku, na mwaache viboko wafanye kazi yao.

Maswali

1. Kwa nini shofere wa Masisi huchukua jembe na kamba?
2. Kwa nini si vema kukanyaga breki muda wote wa kuteremka?
3. Mazuku ni nini? Utafanya nini mwenzako akianguka humo?
4. Eleza njia ya tone la mvua toka Rutshuru mpaka bahari.
5. Kwa nini chai haioti Rwindi?
6. Kiboko anamsaidiaje mvuvi?
7. Pande za kwenu watu hupika kwa kuni gani? Nani aliipanda miti hiyo?